Walisema ni kidole tu: maisha yangu baada ya kunyooshwa vidole vya mguu

Watu wengi wakisikia umefanyiwa upasuaji wa kidole cha mguu hawajui wakupe pole ya namna gani. Aliyevunjika paja anaeleweka. Aliyejifungua kwa kisu anapelekewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku. Wa kidole anaulizwa, "Kidole tu? Sasa kazini unarudi lini?" Na wewe mwenyewe, kwa kuwa umeyasikia mara nyingi, unaanza kuyaamini. Unajipangia siku chache za kulala, kisha mwili na moyo vinaikataa ratiba yako. Naandika kwa ajili ya aliyepangiwa tarehe, au aliyekwisha kurudi nyumbani na mguu wa bandeji, analia na hajui analilia nini.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya binafsi hapa Dodoma, nina mume na binti wa darasa la nne. Kwetu ni Kondoa, na wanawake wengi wa ukoo wetu wana mguu uleule: kidole gumba kinalalia wenzake, na pembeni, pale kinapoungana na unyayo, mfupa unatokeza nundu. Bibi alikuwa nayo, mama anayo miguu yote miwili. Umbo hilo hurithiwa. Viatu vya kubana na vya mchuchumio huliharakisha tu. Kwangu kidole cha pili kilipanda juu ya gumba kikajikunja, mgongo wake ukawa unasuguliwa na kiatu hadi ukaota sugu, na sugu ikawa inapasuka. Mwalimu hushinda amesimama. Nikajifunza kutembelea ukingo wa mguu, na baada ya muda goti na kiuno navyo vikaanza kudai.

Daktari wa mifupa aliniambia jambo ambalo nataka kila mtu alisikie kabla ya kukubali kisu: nundu isiyouma haikatwi. Kuifanyia upasuaji kwa ajili ya sura tu hakushauriwi, maana unaweza kubadilisha mguu wenye sura mbaya na usiouma ukapata mguu mzuri unaouma. Tulianza na viatu vipana, vipande vya sponji vya kutenganisha vidole na dawa za maumivu. Vilisaidia, kisha vikaacha kusaidia. Tukapanga mwezi wa sita, shule zikifungwa.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia. Nilichomwa sindano ya mgongo, kiuno kushuka chini kikafa ganzi, nikawa nasikia sauti za vyuma bila maumivu. Mfupa mrefu nyuma ya kidole gumba ulikatwa, ukasogezwa na kufungwa kwa skrubu ndogo ambazo zitabaki humo. Kidole cha pili kilinyooshwa kikapitishwa waya mwembamba, ncha yake ikabaki nje mbele ya ukucha. Nilikuwa nimeambiwa kuhusu waya. Kuambiwa na kuuona ni mambo mawili. Ukipewa dawa za maumivu, meza kabla ganzi haijaisha, hata kama wakati huo husikii kitu. Ukisubiri maumivu yafike ndipo umeze, usiku huo utakuwa mrefu.

Mambo ya nyumbani yaandae kabla, na anza na choo. Nyumba yetu ya kupanga Nzuguni ina choo cha kuchuchumaa. Ukichuchumaa uzito wote unakwenda mbele ya unyayo na kidole gumba kinakunjika, ndicho hasa kilichokatazwa. Mume wangu alinunua kiti cha plastiki chenye mikono, fundi akakitoboa katikati, tukakiweka juu ya tundu, nikakijaribu mguu wangu ukiwa bado mzima. Dawa kali za maumivu nyingine hufunga choo, kwa hiyo papai, mboga za majani na maji viwe ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza.

Kuoga ni mtihani wa pili. Bandeji haitakiwi kulowa hata kidogo. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku mwezi wa sita 2019 si rahisi kupata mfuko wa kuvisha mguu. Sisi tulitunza mifuko ya mkate mkubwa, miwili kwa pamoja, ikafungwa juu ya kifundo kwa kitambaa laini, si kwa mpira wa kubana. Nikaoga nimekaa kwenye stuli, mguu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Usafiri wa kliniki uwe bajaji, ukae kwa upande na kunyoosha mguu juu ya kiti. Kwenye daladala kuna mtu atakukanyaga, na kwenye bodaboda mguu unaning'inia ukipigwa na vumbi njia nzima. Bima ililipa upasuaji. Magongo, kiatu cha soli ngumu isiyokunjika, bajaji za kwenda na kurudi na dada wa kutufulia vilitoka mfukoni mwetu, na jumla yake ilitushtua kuliko tulivyotarajia. Uliza mapema ni nini bima haigusi.

Kazi ya wiki mbili za mwanzo ni moja: mguu juu, juu ya usawa wa moyo, karibu muda wote. Si juu ya kigoda ukiwa umekaa. Hapo bado uko chini ya moyo. Unalala chali, mito au blanketi zilizokunjwa zinaanzia chini ya goti mpaka kisigino, kisigino chenyewe kikining'inia kidogo kisipate kidonda cha kulalia. Ukiushusha kwenda chooni utasikia damu inateremka, mguu unapwita, vidole vinabadilika rangi. Ukiurudisha juu unatulia. Kutembea niliruhusiwa kwa kisigino tu, na kile kiatu, hatua za lazima. Vidole vya mguu mwingine, vifundo na magoti unavichezesha kitandani ili damu isigande.

Hapa niseme dalili ambazo hazisubiri kesho: homa, usaha, harufu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, shavu la mguu kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika ghafla. Hizo mbili za mwisho zinaweza kuwa damu iliyoganda, na kifua kikibana unakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Wanakwambia uangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu wekundu hauonekani vizuri. Angalia ngozi iliyokuwa nyeusi zaidi, inayong'aa, iliyokaza, na uiguse kwa mgongo wa kiganja uone kama ina joto kuliko mguu wa pili.

Nilirudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa majina ya dawa na tarehe ya kurudi, basi. Hayo yote ya mito, kisigino na dalili niliyapata kwa kuuliza baadaye. Usiondoke wodini kabla hujauliza, na mtu wa kukuuguza awepo akisikia, kwa sababu wewe siku hiyo una usingizi wa dawa na hutakumbuka.

Sasa moyo. Wiki ya kwanza nilikuwa sawa kuliko nilivyotegemea. Majirani walikuja, walimu wenzangu walikuja na matunda, nyumba ilijaa. Wiki ya tatu hakuna aliyekuja, shule zilikuwa zimefunguliwa, mume kazini, mtoto darasani, na mimi kitandani nikisikiliza ule upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba unavyovuta mabati. Maumivu yalikuwa yamepungua. Hapo ndipo nilipoanza kulia. Nililia mume wangu akiniletea chakula, nililia nikisikia mama mwenye nyumba anafagia uwanja ambao huwa naufagia mimi. Mtoto aligonga mto wenye mguu, nikamfokea kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwangu, akaacha kuingia chumbani.

Uchungu wenyewe ulikuwa huu: ugonjwa huu niliuchagua. Malaria huiombi. Ajali huiombi. Mimi nilikwenda kwa miguu yangu nikasaini karatasi, na sasa nyumba nzima inanihudumia kwa sababu ya jambo nililoliamua. Nilikuwa nimewaona kliniki watu waliokatwa mguu mzima kwa kisukari. Kulalamikia kidole nikaona ni kufuru. Kwa hiyo sikulalamika. Nikanyamaza, nikawa mkali, nikaacha kula.

Aliyenifungua ni nesi aliyekuwa akinisafisha kidonda. Alimaliza kazi yake, akavua glovu, akaniuliza, "Na moyo, mwalimu, unaendeleaje?" Nikashindwa kujibu. Akanieleza kwamba wagonjwa wake wengi wa miguu huanguka wakati uleule: wageni wamekwisha, mguu bado haujawa mguu, usingizi ni wa vipande vipande, na mtu aliyezoea kujitegemea anaomba hata kikombe cha maji. Akaniambia nimwambie mume wangu kama nilivyomwambia yeye. Akasema pia kwamba nikipita wiki mbili mfululizo sina usingizi, sina hamu ya kitu, au nikianza kuwaza bora nisingekuwepo, nirudi kwa daktari kama ambavyo ningerudi kwa usaha, maana nao ni ugonjwa na una tiba.

Mume wangu nilimwambia usiku ule. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mimi nilidhani umenichukia." Tulikuwa tunalala chumba kimoja kila mtu na hofu yake. Kuanzia hapo tulibadilisha mambo madogo. Asubuhi kabla hajaondoka alinihamishia kitanda cha mkeka barazani, ukutani palipokingwa upepo, nipate jua na watu wa kuwasalimia. Mtoto akawa mtunza saa wa dawa. Anaandika kwenye daftari, anakuja kunihesabia vidonge. Alirudi chumbani akiwa na cheo, na woga ukaisha. Ushauri wangu kwa ndugu wa mgonjwa: msije wote wiki ya kwanza. Gawaneni. Anayeweza kuja wiki ya tatu ndiye atakayekumbukwa.

Mama alikuja kutoka Kondoa kwa basi, na kwake kulikuwa na jambo jingine. Aliuangalia mguu wangu akasema, "Huu mguu nimekupa mimi, mwanangu." Amelima maisha yake yote na nundu zake, ndani ya ndala, hajawahi kumwonyesha mtu. Alitaka kunikanda. Kwetu aliyeumia anakandwa maji ya moto, mzazi anakandwa, ndiyo huduma yenyewe. Nikamwambia daktari amekataza maji na kukanda mpaka mshono ufunge na waya utoke. Alinyanyuka akaenda jikoni, na nilijua nimemnyima njia pekee aliyokuwa nayo ya kunihudumia. Jirani mmoja naye alileta unga wa majani ya kupaka kwenye kidonda. Tuliupokea kwa shukrani, tukauweka kabatini. Kidonda chenye waya unaoingia mpaka kwenye mfupa hakipakwi kitu ambacho aliyekupasua hakijui. Mama alipata kazi yake baadaye, na nitaifikia.

Waya ulinitesa kwa mawazo kuliko kwa maumivu. Nilihofia shuka litaunasa, nilihofia vumbi. Mwezi wa sita mpaka wa nane vumbi la huku linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Nesi alinivisha bandeji nyepesi juu ya ncha, na juu yake soksi safi ya pamba iliyokatwa, inabadilishwa kila siku. Shuka lilinyanyuliwa kwa boksi la karatasi lililokatwa pande mbili, miguu ikakaa ndani yake. Waya ukisogea, ukazama au ukatoka, hauurudishi mwenyewe, unakwenda hospitali. Nyuzi hutolewa kama wiki 2 baada ya upasuaji, waya kati ya wiki 4 na 6. Wa kwangu ulitolewa nimekaa kitini, bila ganzi, kwa koleo. Ulivutwa mara moja, nikahisi kitu cha ajabu kikiteleza ndani ya kidole, kikaisha kabla sijamaliza kushika mkono wa mume wangu.

Siku hiyo niliuona mguu wote bila bandeji, na kuna huzuni hapo ambayo hakuna aliyeniandaa nayo. Ulikuwa umevimba, ngozi inabanduka, una rangi tatu. Gumba limenyooka kweli. Lakini kidole cha pili kilikuwa kimekuwa kifupi na hakikunjiki kiungo cha kati, na hakitakunjika tena. Ndivyo upasuaji wa aina hiyo ulivyo. Upande wa ndani wa gumba hauna hisia kamili, nikiugusa ni kana kwamba nagusa mguu wa mtu mwingine. Mishipa midogo ya fahamu huguswa na kisu, hisia hurudi polepole, na wengine sehemu ndogo hubaki na ganzi. Nililipia mguu mzuri nikapewa mguu tofauti. Ilinichukua muda kuuita wangu. Kilichosaidia ni kuushika kila jioni, na hapo ndipo mama alipoingia.

Daktari aliporuhusu, mshono ukiwa umefunga kabisa na hakuna gamba, mama alianza kuukanda mshono kwa kidole gumba chake, mafuta ya nazi kidogo, mizunguko midogo, dakika chache. Hiyo huzuia kovu lisigande na kunasa chini. Hewa ya Dodoma ni kavu, inaleta magaga hata kwa mguu mzima, kwa hiyo kisigino kilipakwa vaselini usiku na kuvishwa soksi. Katikati ya vidole hakuna mafuta: panakaushwa kwa kitambaa laini, kwa sababu vidole vilivyovimba vinabanana na fangasi hupenda hapo. Kisha mazoezi. Nalikunja gumba juu na chini kwa mkono, navuta kanga sakafuni kwa vidole, nanyoosha shavu la mguu nikiegemea ukuta. Maumivu kidogo yanavumilika. Uvimbe ukiwa bado upo kesho yake asubuhi, ujue jana ulizidisha.

Kwa Muislamu mwenzangu: nilimuuliza ustadhi wa msikiti wa mtaani, nikafarijika. Viungo vingine unaviosha, juu ya bandeji unapitisha kiganja chenye unyevu tu, na unaswali umekaa. Kwangu sijida ndiyo iliyokuwa kipimo changu cha kupona. Gumba lililoshindwa kukunjika haliwezi kusimamia vidole kwenye mkeka, na nilipoharakisha nilipata maumivu ya siku nzima. Niliswali kwenye kiti muda mrefu kuliko nilivyotaka. Siku nilipoweza kushuka chini na kusujudu nimesimamisha vidole, sikutaka kunyanyuka.

Kuhusu kazi, wengi hurudi mapema kwa hofu. Kwa mwajiriwa wa sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Mkuu wangu wa shule alitegemea niwepo shule ikifunguliwa, akaniambia, "Utakuwa umekaa tu, mwalimu." Nilimpelekea cheti na nikabaki nyumbani mpaka daktari aliporidhika na picha ya eksirei. Niliporudi nilifundisha nimekaa, mguu juu ya kiti cha pili, na wanafunzi waliandika ubaoni kwa zamu. Walifurahia sana. Kuendesha gari, kama ni mguu wa kulia, usijaribu mpaka uweze kukanyaga breki kwa nguvu ghafla bila kusita, na daktari akubali.

Viatu tafuta jioni, mguu ukiwa umevimba kiasi chake cha siku. Simama juu ya karatasi ngumu, chora mguu, kata, na nenda na hiyo karatasi sokoni. Pale Sabasaba nilikuwa naiingiza ndani ya raba za mtumba; ikijikunja pembeni, kiatu hicho si changu hata kiwe kizuri vipi. Kiwe kipana mbele, soli isikunjike kirahisi, kiwe cha kamba ili ukilegeze mchana. Ndala ziache: vidole hujikunja kuzikamata usizipoteze. Nyumbani navaa yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, zinaoshwa vumbi kwa maji na kukauka.

Uvimbe ulinirudisha nyuma kimawazo mwezi wa kumi, joto la Dodoma lilipoanza. Nilidhani kazi yote imeharibika. Uvimbe wa aina hii huweza kuendelea miezi 6 hadi 12, na joto na kusimama huuongeza. Nilirudia mito jioni, ukapungua. Nundu pia inaweza kurudi kwa baadhi ya watu, ndiyo maana viatu vya zamani nimewagawia wenye miguu ya kuviweza.

Mguu wa kushoto una nundu, hauumi sana, haukatwi sasa. Mama ndiye aliyebadilika. Baada ya kuuona mguu wangu alisema naye anataka. Nilimpeleka kliniki nikiwa na furaha, wakampima sukari kama wanavyowapima wote kabla ya kupanga kisu, ikawa juu. Sukari isiyotulizwa inachelewesha kidonda na kukaribisha maambukizi, na kwa mguu wa mkulima hilo si jambo la kubahatisha. Daktari amesema waanze na sukari, viatu vipana, na miguu ikaguliwe kila jioni, juu, chini na katikati ya vidole, kwa kuwa mwenye kisukari anaweza kukanyaga mwiba asisikie. Akiwa kwetu anayemkagua ni mjukuu wake, na lile daftari lake la dawa. Kondoa anamkagua mdogo wangu, na jioni ananipigia simu kuniambia alichokiona.